Nchi 100 hewani, na Zanzibar iliyofutwa

Leo historia, ila si ile ya kukariri kwa ajili ya testi.

Mwaka 1935 Mmarekani mmoja wa redio za ridhaa, Clinton DeSoto, aliuliza kwenye jarida la QST swali linalotutoa jasho hata sisi darasani: nchi ni nini? Wenzake walikuwa wanatambiana nani kaongea na nchi nyingi, kila mtu na hesabu yake. Yeye akasema eneo lolote linalojitenga kijiografia au kisiasa lihesabiwe. Mwaka 1937 chama chao, ARRL, kikaanzisha tuzo ya DXCC: nchi 100, na kila moja uwe na kadi ya kuthibitisha. Maneno matupu, hapana.

Vita Kuu ya Pili ilipoisha hesabu ikaanza upya, 15 Novemba 1945. Waliokuwa nazo mia wakarudi sifuri. Fikiria GPA yako ifutwe hivyo!

Lakini kilichonigusa ni Zanzibar. Ilikuwa na mstari wake peke yake, alama VQ1. Sisi tumeungana Aprili 1964, wao kwenye orodha wakaiacha isimame mpaka 31 Mei 1974, miaka kumi nzima! Yaani kwa wale jamaa, Muungano wetu ulichelewa kufika. Mimi naona hapo tarehe ya kitabuni na tarehe ya hewani ni historia mbili tofauti.

Na mzee mwenye kadi ya VQ1 bado anaihesabu, kwenye safu ya zilizofutwa. Haya, nawahi kipindi.