Televizio ya Ubelgiji: Paa Moja, Ndimi Mbili

Wengi husema kwamba mahali radio na televizio zinapofika, watu wanakuwa kitu kimoja, kwa sababu wote wanasikia neno lile lile na kuona picha ile ile. Maneno haya yanapendeza, lakini inafaa tuyapime kwa historia. Kwa kipimo hiki tumechagua Ubelgiji, inchi ndogo ambayo wazee wetu waliijua sana, kwa mema na kwa mabaya. Upande wa kaskazini wanakaa Waflamandi, wanaosema Kiholanzi. Upande wa kusini wanakaa Wawaloni, wanaosema Kifaransa. Na mashariki kuna kundi dogo la watu wa Kijerumani. Basi tuangalie televizio ilifanya nini kati yao, na nini haikuweza kufanya.

1. Nyumba moja

Televizio ya Ubelgiji ilizaliwa ndani ya nyumba ya radio. Sheria ya tarehe 18 Juni 1930 ilianzisha shirika moja la serikali lenyi majina mawili: INR kwa Kifaransa, NIR kwa Kiholanzi. Tukumbuke kwamba siku zile Kiholanzi kilikuwa kingali kinatafuta heshima yake katika inchi. Ni mwaka ule ule wa 1930 tu Bunge lilipoamua kwamba universite ya Gent, iliyo katikati ya Waflamandi, ifundishe kwa lugha yao. Hivi suala la lugha lilikuwa suala la haki: mtu asikizwe, afundishwe na ahukumiwe kwa lugha anayoielewa.

Shirika lile lilijijengea nyumba kubwa mjini Brussels, katika uwanja wa Flagey, kadiri ya ramani ya Joseph Diongre. Ilimalizika mwaka 1938, na kwa umbo lake watu waliifananisha na meli. Ndani ya meli hiyo watu wa lugha mbili walifanya kazi chini ya paa moja, kila upande ukitengeneza matangazo yake.

Televizio ilianza rasmi tarehe 31 Oktoba 1953. Ilichelewa kidogo. Jirani zake walikuwa wamekwisha kuanza, na tangu mwaka 1950 watu wa Ubelgiji waliokaa karibu na mpaka wa Ufaransa waliweza kupokea picha za mnara wa Lille. Tangu siku ya kwanza matangazo yalikuwa mawili, moja kwa kila lugha. Hakukuwa hata siku moja televizio moja iliyogawanyika baadaye: walizaliwa mapacha.

2. Mistari 819 na mistari 625

Hapa kuna jambo la ufundi ambalo linaeleza mambo mengi. Picha ya televizio ya zamani iliandikwa juu ya kioo mstari kwa mstari, kama vile mwandishi anavyojaza ukurasa, ila kwa mbio kubwa sana. Lazima mnara na chombo cha nyumbani vikubaliane hesabu ya mistari; la sivyo, picha inavurugika. Mwaka 1948 Wafaransa walichagua mistari 819. Waholanzi, Wajerumani na wengine wengi wa bara la Ulaya walichagua 625.

Wabelgiji wachague nini? Watu wa INR walitaka kupokea matangazo ya Paris, kwa maana walikuwa na mali kidogo na saa nyingi za kujaza, wakachagua 819. Watu wa NIR walitazama upande wa Uholanzi, wakachagua 625. Tena, kwa sababu ya nafasi ndogo waliyokuwa nayo hewani, kila upande ulibadilisha kidogo kipimo cha jirani yake. Matokeo yake ni haya: Mbelgiji aliyetaka kuona yote yaliyofika kwake alihitaji chombo chenyi kujua vipimo vine: 819 ya Ufaransa, 819 ya Ubelgiji, 625 ya Ubelgiji na 625 ya wengine. Vyombo vya namna hiyo vilitengenezwa kweli, lakini vilikuwa na bei kali.

Tusicheke haraka. Kila upande ulikuwa na sababu nzuri. Lakini tuone vizuri: mafundi hawakutenganisha watu. Walifuata tu njia ambayo macho ya watu yalikuwa yamekwisha kuelekea, wengine Paris, wengine Uholanzi.

3. Siku ya Pentekoste

Mwaka uliofuata, inchi nane za Ulaya, Ubelgiji ikiwa mojawapo, ziliunganisha minara yao. Tarehe 6 Juni 1954, watu wa inchi zile waliona sikukuu ya maua ya Montreux katika Uswisi. Na jioni waliona Roma, na Baba Mtakatifu Pio XII akawasemesha. Ilikuwa Dominika ya Pentekoste. Papa hakusema kwa lugha moja tu, ingawa Kanisa lilikuwa nayo lugha yake ya Kilatini. Alitumia lugha mbalimbali za wale waliokuwa wakimtazama. Sisi mapadri na makatekista tunaelewa mara moja. Siku ya Pentekoste ya kwanza mitume hawakuwafundisha wageni lugha ya Galilaya. Kila mtu aliwasikia kwa lugha ya kwao.

Umoja huo wa minara, unaoitwa Eurovision, uliendelea. Tarehe 15 Desemba 1960 ndoa ya mfalme Baudouin na Fabiola ilionekana katika inchi nyingi. Siku kama ile Wabelgiji wote walitazama jambo moja, lakini hata siku ile Mflamandi alielezwa kwa Kiholanzi na Mwaloni kwa Kifaransa.

4. Kuachana

Sheria ya tarehe 18 Mei 1960 ilivunja shirika la zamani. Mahali pake pakawa na RTB kwa Kifaransa, BRT kwa Kiholanzi, na shirika la tatu la kutunza mambo ya pamoja: majengo, mashini, mafundi. Ni kama ndugu wawili waliogawanya mashamba wakabakiza kisima. Baadaye kisima nacho kiligawanywa. Mwaka 1970 katiba ilibadilishwa, na mambo ya utamaduni, na radio na televizio pamoja nayo, yakatiwa mikononi mwa kila jamii ya lugha. Mwaka 1977 RTB ikawa RTBF, na watu wa Kijerumani wakapata shirika lao, BRF. BRT nayo iligeuza jina mara mbili, na tangu mwaka 1998 inaitwa VRT.

Tusione hapa hasara tupu. Waflamandi walipata faida ambayo hawangeipata kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1955 walicheka kwa lugha yao wakitazama mchezo wa Schipper naast Mathilde. Mwaka 1969 BRT ilionyesha Wij, Heren van Zichem, uliotoka katika vitabu vya Ernest Claes. Ndani yake wakulima wa kijiji, pamoja na paroko wao mzee Munte, walisema kama watu wa kwao wanavyosema. Watu walijiona wenyewe juu ya kioo. Mtu ambaye babu yake alidharauliwa juu ya ulimi wake anajua thamani ya jambo hilo. Na VTM, televizio ya watu binafsi, ilipoanza tarehe 1 Februari 1989, ilivuta Waflamandi wengi upesi kwa michezo na nyuso za kwao.

Upande wa pili, RTB ilikuwa na gazeti la picha lililoitwa Neuf millions, ni kusema milioni tisa, hesabu ya Wabelgiji wote wa siku zile. Jina lilitaja wote. Lugha ilifikia sehemu tu.

5. Jioni ya mwaka 2006

Tangu miaka ya 1960 waya za televizio zilienea Ubelgiji kuliko sehemu nyingi za Ulaya. Waya moja ilileta nyumbani matangazo ya lugha zote mbili na ya majirani pia. Vipimo vine vilikwisha kusahauliwa. Kizuizi cha mashini kiliondoka. Lakini kwa kawaida mkono ulichagua lugha ya nyumbani.

Tarehe 13 Desemba 2006 jioni, RTBF ilikata matangazo yake ikasema kwamba Waflamandi wametangaza uhuru wao na Ubelgiji haiko tena. Ilikuwa habari ya kubuni, waliyoitengeneza kusudi watu wafikiri. Kisha kama nusu ya saa waliandika juu ya kioo kwamba si kweli, lakini wengi walikuwa wamekwisha kusadiki na kuingiwa na hofu. Uongo ule ulikuwa wa nguvu juu ya nini? Sisi tunafikiri ni kwa sababu uliwahusu jirani ambao watu hawakuzoea tena kuwasikiliza. Mtu mwenyi kumtembelea ndugu yake hasadiki upesi neno baya lisemwalo juu yake.

6. Tufundishwe nini?

Historia hii inatupa mafundisho mawili, nayo yanakwenda pamoja. La kwanza: anayetaka kufikia moyo wa watu awasemeshe kwa lugha yao. Anayekopa sauti ya jirani kwa sababu ni rahisi, kidogo kidogo atakopa na mawazo yake. La pili: lugha ya kwetu peke yake haitoshi. Ubelgiji iliwapa watu wake haki ya kusikizwa, kila mmoja kwa ulimi wake. Lakini ilisahau kuwazoeza kusikilizana.

Inchi yetu ya Kongo, ambayo ilipata televizio yake Kinshasa mwaka 1966, ina ndimi nyingi kuliko mbili. Katekista anayefasiri mahubiri kutoka Kiswahili hata lugha ya kijiji, kisha anamletea padri maulizo ya wanakijiji, anafanya kazi ambayo minara ya Brussels haikuifanya: anapeleka neno, na anarudisha jibu.