Masasi Yaliyokatazwa: Sheria Ilimlinda Nani?

 

Leo tunaongea juu ya masasi. Je, kuna masasi ambayo sheria inakataza raia kuwa nayo? Ndiyo, yako, na katazo hilo si la jana. Tulifuate tangu mwanzo, tuone lilimlinda nani.

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa ya Ulaya pamoja na mengine, Zanzibar ikiwemo, yalifanya mapatano mjini Bruxelles. Walisema kwamba bunduki ndizo zinazolisha biashara ya watumwa na vita vya wenyeji. Kwa hiyo walikataza kuingiza bunduki, baruti na masasi katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu digri 20 kaskazini ya ikweta hadi digri 22 kusini. Kongo yote imo ndani ya mipaka hiyo.

Sababu yao ilikuwa ya kweli. Wazee wa Maniema walisimulia jinsi vijiji vilivyovunjwa kwa bunduki ili watu watekwe na pembe za tembo zichukuliwe. Lakini katazo halikuwa sawa kwa wote. Bunduki ya gumegume, ile ya kuwashwa kwa jiwe, pamoja na baruti ya kawaida, iliweza kuuzwa kwa wenyeji kwa masharti. Bunduki mpya za kartushi zilibaki mikononi mwa askari wa serikali na watu wachache wenye ruhusa. Mwaka 1892 serikali ya mfalme Leopold wa Pili ilitoa amri yake yenyewe juu ya silaha. Tangu hapo Bula Matari alikuwa na kartushi, na mwanakijiji alikuwa na gumegume, au mkuki.

Je, kartushi hizo zilifanya nini? Sikilizeni vizuri. Wakati wa kazi ya shuruti ya mpira wa porini, askari na walinzi wa makampuni walihesabiwa kartushi zao. Wakubwa hawakutaka zipotee kwa kuwinda nyama. Basi askari aliyepiga risasi alidaiwa alete mkono wa kuume wa mtu aliyeuawa, uwe ushahidi. Aliyepiga risasi kwa kuwinda, au aliyekosa shabaha, aliweza kukata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu yake itimie. Konsuli wa Uingereza, Roger Casement, alipita katika sehemu za Equateur mwaka 1903, na habari alizoandika zilitangazwa mwaka 1904. Risasi ilihesabiwa, uhai wa mtu haukuhesabiwa.

Miaka hiyohiyo, huko Ulaya, walikuwa wakijadili masasi mengine. Karibu na mji wa Calcutta, nchini India, kuna mahali panapoitwa Dum Dum. Huko Waingereza walitengeneza risasi ambayo ncha yake hufunguka ikiingia mwilini, ikafanya kidonda kikubwa. Tarehe 29 Julai 1899, mjini La Haye, mataifa yalikubaliana kutoitumia vitani. Lakini mapatano yalihusu vita kati ya mataifa yaliyotia sahihi tu. Mjumbe wa Uingereza, John Ardagh, aliitetea risasi hiyo kwamba inahitajika katika vita na watu aliowaita washenzi. Yaani mwili wa mzungu ulipata ulinzi, na mwili wa mtu wa makoloni uliachwa nje. Ni mwaka 2010 tu, katika mkutano wa Kampala, ndipo mataifa yalipoongeza katika mkataba wa Korti ya Kimataifa kwamba kutumia risasi hiyo katika vita vya ndani ya nchi pia ni kosa kubwa, kwa nchi zinazokubali nyongeza hiyo.

Na hapa kwetu? Tarehe 3 Septemba 1985, wakati wa Zaire, ilitoka sheria juu ya silaha na masasi: raia asiwe nayo bila ruhusa ya serikali. Mwaka 2004 Kongo ilitia sahihi mapatano ya Nairobi, yanayokataza raia kuwa na bunduki za kivita. Tarehe 30 Aprili 2010, mjini Kinshasa, nchi za Afrika ya Kati zilipatana juu ya silaha ndogo pamoja na masasi yake; mapatano hayo yalianza kufanya kazi mwaka 2017.

Ndugu zangu, historia hii inatufundisha nini? Kwamba kukataza masasi peke yake si amani. Sheria ikimnyang'anya mwanakijiji risasi moja, na kumwachia mwenye nguvu sanduku zima bila kumuuliza ameitumia kwa nani, tumerudi kwa Bula Matari. Sheria nzuri humfunga raia na askari pamoja. Bami na machefu, mnapowaambia watu watoe masasi, waulizeni pia wakubwa wa askari wanavyotunza yao.

Nanyi mnaorudi makwenu: mkikuta masasi au bomu shambani au nyumbani, msiguse, msitupe motoni, wala msiwaache watoto wachezee. Wekeni alama kwa mbali, mkamwarifu chefu mbele ya mashahidi. Na wewe chefu, aliyekuja kukuarifu usimwite adui. Ukimtia hofu, wa pili ataficha, na kilichofichwa kitalipuka siku moja mikononi mwa mtoto.

Tuwahesabu watu kwanza. Amani ikae nanyi, kwaherini.