Hofu Iliyofasiriwa Mapema: Jini, Shetani na Kasoro ya Hatima katika Filamu za Kutisha za Kiswahili

1. Utangulizi

Katika miaka ya mwanzo ya karne hii nilitazama filamu moja ya kutisha katika kibanda cha video huko Mombo, mji mdogo ambapo barabara ya kupanda Lushoto huachana na ile iendayo Moshi. Filamu hiyo siitaji jina, kwa kuwa kasoro yake haikuwa yake peke yake. Kwa zaidi ya saa moja hadhira ilitulia tuli. Mwanamke asiyejulikana atokako aliingia nyumba moja baada ya nyingine, na kila alikopita palibaki msiba. Kisha, dakika chache kabla ya mwisho, alitokea mhubiri ambaye hakuwahi kuonekana tangu mwanzo. Akakemea mara tatu, moshi ukafuka, mwanamke akatoweka. Mzee aliyeketi benchi la mbele aliuliza kwa sauti: “Basi? Ndiyo imekwisha?” Watu wakacheka, lakini hawakuwa wamefurahi.

Hadhira ile ilikuwa ya Waislamu na Wakristo, Wasambaa, Wazigua, Wapare, na wajukuu wa manamba waliokuja kukata mkonge. Haielekei kwamba walichukizwa na dini kuingizwa katika filamu. Wengi wao walikuwa watu wa ibada. Walichokosa ni kitu kingine. Makala haya yanachunguza kitu hicho kwa njia ya kihistoria. Hoja yake ni kwamba filamu za namna hii hushindwa pale zinapoifasiri hofu mapema mno, kwa neno moja na kwa hatima iliyokwisha kuamuliwa, na kwamba mazoea hayo yana historia ndefu kuliko tasnia ya video yenyewe. Sehemu ya historia hiyo imo katika wilaya ileile ya Korogwe.

2. Kigego wa Ngulu: hofu kabla ya filamu

Maandishi ya Kiswahili kuhusu Usambara yanaanza na kisa cha kutisha. Katika Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi anamsimulia Mbega, mtoto wa Ngulu aliyeota meno ya juu kwanza, yaani kigego. Nduguze wanaamini kuwa vifo vya ukoo vinatokana naye, wanamnyima urithi, naye anakimbia. Anakuwa mwindaji wa nguruwe, anafika milima ya Usambara, anaua simba usiku huko Vuga, na mwishowe anafanywa mtawala.

Jambo la kuzingatia ni jinsi hofu inavyoshughulikiwa. Msimulizi hathibitishi kwamba Mbega alikuwa na nuksi, wala hakanushi. Aliyeogopwa Ngulu anapokewa Vuga, na sifa ileile ya kutokuwa mtu wa kawaida inayomfukuza kwao ndiyo inayompa enzi ugenini. Msomaji anaachiwa kupima. Steven Feierman ameonesha kwamba fikra za kisiasa za Wasambaa zilijengwa juu ya jozi ya kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuidhuru nchi. Uwezo wa kuleta mvua ulikuwa pia uwezo wa kuizuia. Kwa mtazamo huo, chenye kutisha hakiondolewi kwa kukitaja jina. Watu huishi nacho, hukiwekea masharti, na hukidai wajibu.

Inafaa kukumbuka pia mazingira ya kuchapishwa kwa matini hiyo. Mwandishi alikuwa Mwislamu aliyewahi kumtumikia Semboja, mtawala wa Mazinde, si mbali na Mombo. Wachapaji walikuwa wamisionari wa Magila. Sehemu zake zilitoka kati ya 1895 na 1907, na J. W. T. Allen akaihariri upya mwaka 1962. Kwa hiyo kukutana kwa Uislamu, Ukristo na imani za wenyeji katika kazi moja ya Kiswahili hakukuletwa na video. Tofauti ni kwamba hapo awali kukutana huko hakukudai mshindi katika ukurasa wa mwisho.

3. Vugiri: hatima kabla ya kisa

Kati ya 1935 na 1937, Vugiri, katika milima iliyo juu ya Korogwe, ilikuwa makao ya mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika uliojulikana kwa kifupi kama BEKE. Baraza la Kimataifa la Misioni liliusimamia, Shirika la Carnegie la Marekani likatoa fedha, na L. A. Notcutt na G. C. Latham wakauendesha. Filamu fupi zipatazo 35 zilitengenezwa, zikiigizwa na Waafrika, huku sauti ikirekodiwa katika sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine.

Hazikuwa filamu za kutisha. Zilihusu kilimo, afya, kodi na akiba. Lakini muundo wake unatuhusu. Katika ile ya benki ya akiba ya posta, mtu mmoja anafukia fedha zake ardhini na kuibiwa. Mwingine anazipeleka posta na kusalimika. Mtazamaji anajua mapema nani atapata hasara, kwa sababu kisa kimetungwa ili kufikia fundisho. Anayefuata desturi hukosea. Anayefuata taasisi hupona.

Sidai kwamba watengenezaji wa video wa Dar es Salaam walijifunza kwa Notcutt. Hakuna haja ya dai hilo. Ninachodai ni kwamba filamu ililetwa katika nchi hii ikiwa chombo cha kutibu ujinga wa mtazamaji, na kwamba muundo wa tatizo, upotofu na tiba umeendelea kuonekana kuwa ndio muundo wa asili wa filamu “yenye mafunzo”. Ukiweka jini mahali pa mwizi, na mhubiri mahali pa karani wa posta, utaipata filamu ya Mombo.

4. Kutoka Karishika hadi Shumileta

Wapo watakaosema kwamba chanzo ni Naijeria. Pingamizi hilo lina uzito. Filamu ya Karishika ya miaka ya 1990, ambamo pepo wa kike anatumwa kutoka kuzimu kuwaangamiza watu, iliingia Tanzania na kutafsiriwa kwa sauti na Lufufu, mtafsiri mashuhuri wa vibandani. Matthias Krings amechunguza tafsiri hiyo kwa kina. Mussa Banzi, aliyekwisha kutoa Nsyuka, alifuatia na Shumileta mwaka 2005, akimweka jini wa kike anayempenda binadamu mahali ambapo Wanaijeria walikuwa na wakala wa Ibilisi. Claudia Böhme naye ameonesha jinsi filamu hizi zilivyochota kutoka vyanzo vingi kwa pamoja.

Lakini ushahidi huohuo unaonesha kwamba athari ya Naijeria haikupokewa kama ilivyo. Jini si jina jingine la shetani. Kurani ina sura nzima ya majini, ambamo wamo waliosilimu na waliopotoka. Katika mwambao, ruhani ni jini anayeweza kuheshimiwa na kuombwa. Jini anayependa ana nia, haki na malalamiko. Vilevile, nsyuka linatokana na Kinyakyusa, ambamo abasyuka ni wafu wa ukoo, wanaoogopwa na kutegemewa kwa wakati mmoja. Kwa kuchagua majina hayo, Banzi aliingiza katika filamu maswali ambayo neno shetani la mahubiri haliyaruhusu.

5. Neno linalofunga kisa

Hapa ndipo isimu inapoisaidia historia. Katika filamu niliyoitazama Mombo, mwanamke yule aliitwa jini kwa saa nzima, na wahusika walimuuliza ametoka wapi na anataka nini. Mhubiri alipoingia alimwita shetani, na tangu hapo hakuulizwa neno. Kubadilika kwa nomino kulifuta madai yake yote. Hatukujua alidhulumiwa na nani, wala kwa nini nyumba zile na si nyingine.

Shetani lenyewe si neno fukara katika Kiswahili. Ebrahim Hussein katika Mashetani, iliyochapishwa mwaka 1971, alilitumia kuuliza juu ya ukoloni, tabaka na urafiki uliovunjika, na hakumpa mtazamaji ahueni nyepesi. Kwa hiyo kosa haliko katika msamiati wala katika dini. Liko katika kulitumia neno kama kifuniko, pale ambapo sheikh, mchungaji au mganga anahukumu kesi ambayo haikusikilizwa.

6. Hitimisho

Uhakiki wetu umezoea kuzilaumu filamu hizi kwa kamera duni na damu ya rangi. Mzee wa benchi la mbele hakulalamikia kamera. Aliuliza kuhusu hatima, na swali lake linakaribiana zaidi na usimulizi wa Abdallah bin Hemedi kuliko na filamu za Vugiri.

Ushahidi wa kuendeleza mjadala huu unapotea. Tafsiri za vibandani zilikuwa katika kanda za VHS zinazooza, na maneno ya watazamaji hayakurekodiwa kabisa. Idara zetu hukusanya ngano na methali; hazina budi kukusanya kanda hizi pia, na kuwahoji waliokuwa wakikaa kwenye mabenchi yale wakati bado wanakumbuka walichotarajia kuambiwa kuhusu jini.