TEKNOLOJIA: Seva inavyouandaa ukurasa wa tovuti pale msomaji anapouomba

Mtahiniwa aandikapo nambari yake ya mtihani kwenye tovuti ya matokeo, baada ya sekunde chache huona ukurasa wenye jina lake, shule yake na alama alizopata. Wengi hudhani ukurasa huo ulikuwa umehifadhiwa mahali fulani ukimsubiri. La hasha. Kabla hajabonyeza kitufe, haukuwapo. Umeundwa papo hapo na programu iliyo katika tarakilishi ya mbali, yaani seva, ambayo iliipokea nambari ile, ikaitafuta katika hifadhidata, kisha ikayapanga majibu katika umbo ambalo kivinjari kinaweza kulionyesha.

Huo ndio uandishi wa programu za upande wa seva, na kurasa zinazotokana nao huitwa kurasa badilifu ili kuzitofautisha na kurasa tuli. Tofauti hiyo inaonekana katika kibanda chochote cha chakula. Mandazi yaliyokaangwa alfajiri hukaa katika kabati la kioo na kila mteja hupewa yayo hayo, ilhali mayai hayavunjwi hadi mtu aagize na aseme anayataka na vitunguu au bila.

Kurasa za kwanza alizozibuni Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN, Uswisi, na kufunguliwa kwa umma mwaka wa 1991, zilikuwa tuli. Mnamo 1993, wataalamu wa kituo cha NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliweka kanuni iitwayo CGI. Kanuni hiyo iliiwezesha seva kukabidhi ombi la msomaji kwa programu nyingine na kumrudishia chochote programu hiyo ilichotoa. Nyingi ya programu hizo ziliandikwa kwa Perl, lugha iliyobuniwa na Larry Wall mwaka wa 1987. Kasoro yake ni kwamba kila ombi liliwasha programu upya, sawa na kuajiri mpishi mpya kwa kila sahani.

Mwaka wa 1995, Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitoa kwa umma vifaa alivyokuwa amejiundia ili ajue ni akina nani waliokuwa wakiusoma wasifukazi wake mtandaoni. Vifaa hivyo vilizaa PHP. Andi Gutmans na Zeev Suraski waliiandika upya, na toleo la tatu likatoka mwaka wa 1998. Zipo lugha nyingine nyingi za kazi hii, zikiwemo Python, Ruby na Java, lakini PHP inamfaa anayeanza kwa kuwa huchanganywa moja kwa moja na maandishi ya ukurasa. Hebu msomaji atazame mstari huu:

Leo ni <?php echo date("d/m/Y"); ?>

Seva huyaacha maneno "Leo ni" jinsi yalivyo. Ikifikia alama ya kufungulia PHP, hutekeleza agizo lililomo na kuweka tarehe mahali pake. Anayechungua chanzo cha ukurasa huo katika kivinjari chake hataliona agizo lenyewe, ila tarehe tu. JavaScript inayotumwa pamoja na ukurasa ni kinyume cha hayo: hutekelezwa katika tarakilishi ya msomaji, naye aweza kuisoma na hata kuigeuza. Kwa sababu hiyo uamuzi wowote wa maana, kwa mfano nani aruhusiwe kuona alama za nani, sharti ufanyiwe kwenye seva.

Wakenya waliuona uwezo wa kurasa hizi katika kipindi kigumu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 27, 2007 zilisababisha vifo vya zaidi ya watu 1,100. Mnamo Januari 2008, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao walianzisha tovuti ya Ushahidi. Kila taarifa ya shambulizi au uporaji iliyotumwa na mwananchi iliingizwa katika hifadhidata pamoja na mahali na tarehe, na ramani ikachorwa kutokana na taarifa hizo. Gazeti likishatoka mtamboni halirudi nyuma; ramani ile ilibadilika kadiri habari zilivyofika.

Hata hivyo, mlango unaopokea taarifa za raia mwema humpokea mhalifu vilevile. Chukua jina Ng'ang'a. Katika lugha ya SQL, ambayo ndiyo hutumika kuihoji hifadhidata, jina hufungwa kwa alama ifananayo na ritifaa. Programu iliyoandikwa kizembe itatunga swali hili:

jina = 'Ng'ang'a'

Hifadhidata itadhani jina limekwisha baada ya "Ng", na yanayofuata itayaona kuwa ni amri isiyoeleweka. Bwana Ng'ang'a ataambiwa pana hitilafu, ilhali jina lake halina kosa lolote. Naye mhalifu, akijua udhaifu huo, hataandika jina. Ataandika ' OR '1'='1 na swali litakuwa hivi:

jina = '' OR '1'='1'

Maana yake ni: nipe kila mtu ambaye hana jina, au ikiwa moja ni sawa na moja. Kwa kuwa moja ni sawa na moja daima, atapewa orodha yote. Mbinu hii imejulikana hadharani tangu 1998. Kuwakataza watu kuandika ritifaa si dawa, maana ni kuwanyima kina Ng'ang'a majina yao. Dawa ni kuipelekea hifadhidata swali peke yake, lenye nafasi iliyoachwa wazi, kisha jina peke yake. Hapo litakaloandikwa, liwe liwalo, litachukuliwa kuwa jina tu. PHP na takriban lugha zote za seva zina utaratibu huo, na hauongezi zaidi ya mstari mmoja au miwili ya kazi.

Kurasa badilifu zina gharama pia, kwani kila ombi ni kazi mpya. Mnamo Julai 2023, tovuti ya eCitizen, ambayo Wakenya huitumia kuomba pasipoti na huduma nyingine za serikali, ilielemewa na mafuriko ya maombi bandia. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, naye Eliud Owalo, aliyekuwa Waziri wa Habari wakati huo, akasema hakuna data iliyopotea. Katika siku za kawaida, waandishi wa programu hupunguza mzigo kwa kuweka nakala ya ukurasa uliokwisha kuundwa na kuwapa nakala hiyo wote wanaouomba katika dakika chache zinazofuata. Nakala hiyo huufaa ukurasa wa habari unaosomwa na wengi, lakini si ule wa matokeo ya mtahiniwa mmoja, ambao kila anayeuomba huandaliwa wake.