Kimilikishi kilichowapokonya Wayolngu ardhi

Katika sarufi tunafundisha kwamba vimilikishi huonyesha nani anamiliki nini. Mimi ufafanuzi huo haujawahi kuniridhisha. Nikisema "baba yangu", je, nammiliki mzee wa watu? Huenda msomaji akaniona napiga porojo za darasani. Basi na atazame yaliyowapata Wayolngu, wenyeji asilia wa Arnhem Land, kaskazini mwa Australia.

Mnamo 1963 serikali ilimega zaidi ya kilomita 300 za mraba za ardhi yao kwa ajili ya machimbo ya boksiti. Wao wenyewe hawakuulizwa. Wazee wa Yirrkala wakaliandikia bunge ombi kwa lugha yao na kwa Kiingereza, wakalibandika kwenye gome la mti lililochorwa pembeni kwa udongo wa rangi. Michoro ile haikuwa mapambo. Kila ukoo una yake, nayo hutaja mahali, wanyama wa hapo na mababu waliopaumba. Kwa maneno mengine, waliambatisha hati miliki.

Gome lenyewe lilikuwa la mkaratusi, ndugu wa ile iliyoletwa kwetu mwanzoni mwa karne ya 20 iwe kuni za garimoshi. Sisi tunaujua mkaratusi kwa nguzo za stima na lawama za kukausha chemchemi. Kwa Myolngu mti huo ni kalenda. Mwaka wake una majira sita, hausomi ukutani; huusoma katika upepo na maua. Mkaratusi ukichanua, anajua asali ya mwituni i karibu. Maarifa ya namna hii hayahamishiki. Mtoe mtu pale, umemfunga kitabu.

Bunge lilipokea ombi, likaunda kamati, kamati ikapendekeza fidia. Machimbo yakaendelea vivyo hivyo. Wayolngu wakaenda mahakamani, na mnamo 1971 Jaji Richard Blackburn akatoa uamuzi ambao kila mwanaisimu angefaa kuusoma. Alikiri kwamba watu hawa walikuwa na mfumo wa sheria uliopevuka. Lakini, akasema, ushahidi unaonyesha kwa urahisi zaidi kwamba ukoo ni wa ardhi kuliko kwamba ardhi ni ya ukoo. Kwa hiyo hiyo si mali. Wakashindwa kesi!

Yaani -a unganifu ilipogeuzwa upande, haki ikatoweka. Laiti jaji angejua Kiswahili! Sisi tuna neno mwananchi, mwana wa nchi. Hapo mwenye kumilikiwa ni mtu, si nchi, na bado hakuna neno linalobeba haki nyingi kulishinda. Tangu lini mwana akakosa dai kwa mamaye eti kwa kuwa yeye ndiye wa mama?

Mambo yalibadilika polepole. Sheria ya 1976 iliwarudishia wenyeji wa Northern Territory sehemu ya ardhi, na mnamo 1992, katika kesi ya Eddie Mabo, Mahakama Kuu ilitupilia mbali dhana kwamba Australia haikuwa na wenyewe Waingereza walipotua.

Mkalimani katika kesi ya 1971 alikuwa kijana aitwaye Galarrwuy Yunupingu. Mnamo 2019, akiwa mzee, aliwasilisha dai la fidia kwa niaba ya ukoo wake wa Gumatj. Alifariki Aprili 2023. Machi 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki ya ukoo ule juu ya ardhi yake ni mali, na kwamba serikali inapaswa kuilipia.