Posada: sherehe ya watawa iliyohamia uani

Kuanzia tarehe 16 Desemba, giza likishaingia, mitaa ya Meksiko hujaa watu wanaobisha hodi. Majirani hutembea na mishumaa, watoto wakiwa mbele na sanamu ndogo za Yosefu na Mariamu aliyepanda punda. Wakifika kwenye nyumba iliyopangwa huimba wakiomba pa kulala. Waliomo ndani nao hujibu kwa wimbo: hapa si nyumba ya wageni, nendeni zenu, tutajuaje kama nyinyi si wezi? Hupokezana hivyo beti kwa beti mpaka mwenye nyumba atambue anayesimama nje ni nani. Mlango hufunguliwa, watu huingia kwa vifijo, na kula kunaanza. Kesho yake ni zamu ya nyumba nyingine, hadi usiku wa tarehe 24. Siku tisa, wanasema, kwa miezi tisa ya ujauzito wa Mariamu. Hiyo ndiyo posada.

Mtu anayeiona leo huenda akadhani ni mila iliyoota yenyewe. La. Ilipandwa kwa makusudi, na waliopanda wanajulikana.

Kabla Wahispania hawajauteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521, Waazteki walikuwa na mwezi wao uitwao Panquetzaliztli, ulioangukia karibu na Desemba. Ulikuwa mwezi wa Huitzilopochtli, mungu wa jua na vita. Watu walifinyanga sanamu yake kwa unga wa mbegu za mchicha, kisha wakaigawana na kuila. Watawa waliokuja nyuma ya wanajeshi waliona hatari hapo, lakini waliona pia nafasi: watu tayari walikuwa na sikukuu msimu huo, kilichobaki ni kubadilisha anayesherehekewa. Waagustino walioingia nchini mwaka 1533 walijenga monasteri kubwa Acolman, kaskazini-mashariki ya Jiji la Meksiko, si mbali na piramidi za Teotihuacan. Katika miaka ya 1580 mkuu wa nyumba hiyo, padri Diego de Soria, alipata kibali cha Papa Sixtus V cha kuadhimisha misa tisa za kuelekea Noeli, kuanzia tarehe 16 hadi 24. Misa zilifanyika nje, kwenye uwanja wa kanisa, zikichanganywa na maigizo, fataki na zawadi ndogondogo za vyakula. Desturi ya misa hizo tisa ilifika hata Ufilipino, koloni jingine la Hispania, na huko bado watu wanaamka alfajiri kuziwahi.

Kama mambo yangeishia hapo, posada ingekuwa ibada tu. Kilichoiokoa, kwa maoni yangu, ni kutoka kanisani. Taratibu iliingia kwenye mashamba makubwa, kwenye majumba ya matajiri, na kwenye nyumba za kupanga ambamo familia nyingi hutumia ua mmoja. Padri akawa mgeni kama wageni wengine. Frances Calderón de la Barca, Mskoti aliyekuwa mke wa balozi wa kwanza wa Hispania nchini Meksiko, aliihudhuria mwanzoni mwa miaka ya 1840 na kuieleza katika kitabu chake *Life in Mexico* cha mwaka 1843. Kwa wakubwa aliokaa nao, maandamano na nyimbo vilifuatwa na dansi. Watawa wa Acolman sidhani kama wangefurahi.

Kwenye ua wa wapangaji mambo ni ya michango. Mmoja analeta sufuria, mwingine sukari, mwingine anashinda jikoni akifunga tamales, unga wa mahindi uliokandwa kwa mafuta, ukatiwa nyama au pilipili, ukafungwa katika maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Juu ya moto huchemka ponche: mapera, vipande vya miwa, mdalasini, sukari guru, na tejocote, tunda dogo la manjano ambalo bila hilo wenyewe watakwambia hiyo si ponche. Watu wazima huongeza pombe kali kwenye vikombe vyao.

Halafu inakuja piñata. Kwa asili ni chungu cha udongo kilichovikwa karatasi za rangi na kuchomozwa pembe saba, moja kwa kila dhambi kuu. Mtoto hufungwa kitambaa machoni, huzungushwa mpaka apate kizunguzungu, kisha hupewa fimbo. Mtu mzima huvuta kamba, chungu kinapanda na kushuka, na zamu ya mtoto huisha wimbo unapoisha. Katekisimu ilikuwa wazi: kitambaa ni imani isiyoona, fimbo ni fadhila, vinavyomwagika ni neema. Neema yenyewe ni karanga, machenza, miwa na peremende, na watoto huigombania wakiwa wamelala kifudifudi. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa karatasi, kwa sababu vigae vilikuwa vikiwakata. Acolman wanashikilia kwamba piñata ilianzia kwao, na kila Desemba wanaifanyia maonyesho.

Wahamiaji waliichukua kwenda Marekani. Los Angeles, katika mtaa wa Olvera, watu huandamana usiku kwa siku zote tisa. Kwenye mpaka wa Tijuana na San Diego, tangu miaka ya 1990, kuna posada ambayo watu huiimba wakiwa wamesimama pande mbili za uzio. Hapo maneno ya kunyimwa hifadhi hayahitaji mfasiri.

Nyumbani nako imepanuka hadi kukonda. Makampuni huita posada karamu yoyote ya mwisho wa mwaka, yenye muziki na zawadi za bahati nasibu, bila Yosefu wala punda. Msomaji utakayejikuta Meksiko siku hizo tisa, usikubali ya hotelini. Uliza mwenyeji wako ua upi una zamu usiku huo, beba mshumaa, simama nje na wenzako uimbe. Kiingilio hakuna.