Uboho wa Ndugu: Historia Fupi ya Tumaini la Wagonjwa wa Selimundu

Mchungaji wa Itumba, wilayani Ileje, aweza kujiwa na wazazi wenye mtoto mgonjwa wa selimundu, wakamwuliza: je, ni kweli kwamba ugonjwa huu sasa unapona? Makala haya yanakusudia kujibu kwa njia ya historia, kwa maana asiyeijua historia hiyo huahidi mno, au hukataza pasipo sababu.

Ugonjwa huu uliingia katika maandishi ya kitabibu mwaka 1910, James Herrick wa Chicago alipoeleza chembe za damu zilizopinda kama mundu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alionyesha kwa uchunguzi wake wa Afrika Mashariki kwamba arithiye jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Airithiye kwa wazazi wote wawili ndiye augua. Basi ugonjwa huu si laana, si uchawi, wala si kosa la mama.

Tiba ilitokea upande mwingine. Katika uboho, ambao hospitalini huitwa pia uloto, zimo seli shina zizaazo chembe zote za damu. E. Donnall Thomas wa Marekani alitangaza mwaka 1957 majaribio ya kuwapa wagonjwa uboho wa watu wengine. Wagonjwa wale wa kwanza walikufa. Mwaka 1984 ilitangazwa kwamba msichana mmoja huko Memphis, aliyepandikizwa uboho kwa ajili ya saratani ya damu, amepona na selimundu pia. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023.

Mashaka ya Wakristo wengi yalizidi mwaka 1998, James Thomson wa Wisconsin alipopata seli shina kutoka katika viinitete vya binadamu, ambavyo viliharibiwa. Hoja yao ni nzito, lakini haiugusi uboho, ambao mtoaji huutoa akabaki hai, na mwili wake ukautengeneza tena. Swali lililo karibu nasi zaidi ni jingine: mtoaji mara nyingi ni ndugu wa mgonjwa, naye ni mtoto. Nani atasema kwa niaba yake, na ni nani atakayemsikiliza akiogopa?

Tena tumaini hili lina mipaka. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana na mgonjwa. Dawa za maandalizi ni kali, na wengine hufa. Kwa watoto walio wengi, msaada ulio karibu ni kupimwa mapema, kukingwa na malaria, na kupewa haidroksiyurea.

Yule mgonjwa wa Bethzatha, aliyeugua miaka 38, alilalamika kwamba hana mtu wa kumtia birikani. Mchungaji hawezi kumpa mtoto uboho unaolingana. Aweza kuwaambia wazazi wake kweli yote, na kufuatana nao hadi hospitalini.